Kuweka Jina Rehani

Dalali na dalili ni maneno ya nasaba moja. Yote mawili yalitoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuonyesha au kuongoza njia, na Kiswahili kikayapokea, kila moja kwa kazi yake. Dalili huonyesha jambo lililofichwa. Dalali huonyesha mali inayouzwa. Walakini iko tofauti kubwa baina yao. Dalili haina faida wala hasara katika jambo inaloonyesha: mawingu hayalipwi kwa mvua. Dalali hulipwa. Hulipwa mapatano yanapotimia, wala halipwi yasipotimia, na kwa ajili hiyo mtu anayeonyesha nyumba kwa ujira ana sababu ya kukaa sana ukumbini na kupita haraka penye ukuta wenye unyevu.

Kazi yake ni ya ajabu kidogo. Huuza asichomiliki, hutafuta asichokihitaji, na hukaa katikati ya watu wawili ambao kila mmoja hupenda kumwona kuwa ni wake peke yake. Mwenye nyumba humpa ufunguo, na pamoja na ufunguo humpa sababu ya kuuza: deni, talaka, au mirathi iliyozua ugomvi. Mnunuzi naye humfungulia mfuko, akamwambia kiasi cha mwisho awezacho kutoa. Mtu mmoja akishika siri hizo mbili, ameshika kisu chenye makali pande zote.

Katika mji mdogo kisu hicho kina ala yake. Dalali wa Lamu, au wa Mji wa Kale wa Mombasa, anajulikana kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Unajulikana msikiti anaoswali na nyumba aliyooa. Akimficha mnunuzi ufa wa msingi asubuhi, habari itakuwa barazani kabla ya alasiri, na aibu itawafikia hata binti zake wanaongoja kuposwa. Si kwamba madalali wa miji midogo ni watu wema kuliko wenzao. Ni kwamba hawana mahali pa kujificha. Jina lao limewekwa rehani kwa watu, ijapokuwa hapana aliyeandika hati ya rehani hiyo. Katika mji mkubwa uliojaa wageni rehani hiyo haipo. Mtu huja leo, huuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na kesho huhamia mtaa wa pili akiwa na jina jipya na viatu vipya.

Hiyo ndiyo hali iliyozaa leseni za madalali katika Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya pwani ya magharibi ilikuwa ikikua upesi, na viwanja viliuzwa kwa watu ambao hawajawahi kuviona kwa macho. Jimbo la California lilitunga sheria ya leseni mwaka 1917, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika nchi hiyo. Mahakama ikaibatilisha. Jimbo likatunga nyingine mwaka 1919, na hiyo ikasimama. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya moja, hata leo hakuna jimbo linaloruhusu mtu kuuza nyumba ya mwenziwe kwa ujira bila ya leseni, isipokuwa wachache waliotajwa na sheria zenyewe. Serikali ya Muungano, iliyoko Washington, haitoi leseni hiyo. Kila jimbo lina mtihani wake, ada yake na daftari lake.

Kwa hiyo tofauti ni nyingi, na nyingine huchekesha. Anayetaka kuwa dalali mdogo hutakiwa kusoma saa 40 katika Massachusetts, saa 77 katika New York, saa 135 katika California na saa 180 katika Texas. Msomaji aweza kujiuliza kama nyumba za Houston ni ngumu kuuzwa mara nne na nusu kuliko za Boston. Bila shaka sivyo. Idadi ya saa hupangwa na mabaraza ya kutunga sheria, na mabaraza hayo husikiliza sauti za watu wengi, wakiwamo wale ambao tayari wana leseni na hawaoni ubaya mlango ukiwa mwembamba kidogo.

Mwanamke mmoja mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa San Diego katika California, aliuendea mlango huo alipokuwa amepita umri wa miaka 40. Aliishi katika mtaa wa City Heights, ambako wahamiaji na wakimbizi wengi wa Afrika Mashariki wamefanya maskani. Kwa miaka 20 kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee katika nyumba zao: kuwaosha, kuwalisha, kuwasomea barua, na mwisho wao kufunga madirisha huku watoto waliotoka mbali wakibishana ukumbini juu ya nani atachukua nini. Katika kazi hiyo alijifunza nyumba kama daktari ajifunzavyo miili. Alijua bomba linalolia usiku, paa lililozibwa kwa rangi badala ya kutengenezwa, na harufu ya maji yaliyosimama chini ya sakafu. Aliona pia jinsi nyumba za wazee zilivyouzwa kwa haraka na kwa bei ndogo, kwa kuwa warithi hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Akaazimia kuwa mtu huyo.

Ndugu yake, mdogo kwake, ni dalali wa viwanja kwao Mombasa. Ofisi yake ni simu na kiti cha mkahawa. Kenya nayo ilitunga sheria ya mawakala wa nyumba mwaka 1984, ikaweka bodi ya kuwaandikisha, lakini ndugu huyo hamo katika daftari la bodi, wala wateja wake hawajapata kumwuliza. Alipopewa habari ya azimio hilo kwa simu, alistaajabu.

"Dada, udalali nao una mtihani?"

"Una mtihani, ndugu yangu. Na kabla ya mtihani una fomu."

"Na fomu yauliza nini?"

"Yauliza mimi ni nani."

"Hilo nalo ni swali la kulipia fedha?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko wote wawili walivyodhani. Lakini kabla ya fomu yalikuwako masomo, nayo yafaa yatajwe, kwa sababu ndiyo yaliyomshangaza zaidi. California humtaka mwombaji awe amesoma masomo matatu: misingi ya mali isiyohamishika, utendaji wa kazi yenyewe, na somo moja la kuchagua. Shule za kujisomea nyumbani haziruhusiwi kuyakimbiza. Hata msomaji hodari hawezi kuyamaliza yote kabla ya siku 54. Mwanamke huyu aliyasoma usiku, baada ya zamu, kwa Kiingereza cha mahakama ambacho hakifanani na Kiingereza cha jikoni wala cha hospitali.

Aliogopa maneno. Baadaye aligundua ya kuwa hofu yake ilikuwa mahali pasipostahili. Maneno yalikuwa mageni. Mambo hayakuwa mageni hata kidogo. Kitabu kilieleza kwa kurasa nyingi utaratibu uitwao eskro, ambao kwao fedha ya mnunuzi huwekwa kwa mtu wa tatu asiye na upande, naye haiachilii mpaka kila sharti litimizwe. Akasoma mara mbili, akacheka. Hiyo ni amana, neno ambalo bibi yake alilitumia kila mara jirani alipomwachia bangili zake kwenda safari. Kilieleza uwakala: ya kuwa anayemfanyia mwingine kazi kwa jina lake huwajibika kutanguliza faida ya aliyemtuma, kumweleza kila alijualo, na kutokula pande mbili kwa siri. Hapana mfanyabiashara wa pwani asiyelijua hilo, ingawa wapo wengi wasiolitenda. Kilieleza haki ya jirani kupita katika kiwanja cha mwenziwe kwenda njiani, na vichochoro vya Mji wa Kale vyote vimesimama juu ya haki hiyo. Na kilieleza rehani. Neno la Kiingereza linalotumika kwa rehani ya nyumba lilitoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake halisi ni rehani mfu. Mswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza atadhani limetungwa na mdaiwa.

Watu husema ya kuwa Kiswahili hakina maneno ya mambo ya kisasa. Huenda ni kweli katika mambo ya mitambo. Lakini katika mambo ya kuaminiana kwa mali, lugha iliyokaa bandarini kwa karne nyingi haina njaa. Kinachokosekana ni kitabu. Mtihani wa California hufanywa kwa Kiingereza, na hapana ubaya mkubwa katika hilo, maana mikataba ya huko huandikwa kwa Kiingereza. Walakini mwanafunzi ambaye angepewa kurasa 20 tu za kumfungia neno geni kwa neno la kwao angeokoa miezi. Mwanamke huyu alijitengenezea zake katika daftari la shule la mjukuu wake: upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Zikimfikia mwanachuoni mwenye nafasi, zitakuwa kamusi.

Baada ya masomo ikaja fomu ya kuomba mtihani, pamoja na ada ambayo hairudishwi. Mahali pa kwanza fomu ilitaka jina la kwanza, jina la kati, na jina la ukoo. Hapo ndipo kalamu yake iliposimama.

Watu wa pwani hawana jina la ukoo kwa namna hiyo. Mtu ana jina lake. Linalofuata ni la baba yake. Linalofuata ni la babu yake. Ni nasaba fupi iliyoandikwa kwa mstari mmoja, na kila kizazi husogea hatua moja mbele na kuacha jina moja nyuma. Mume na mke hawashiriki jina, wala mama na watoto wake. Fomu haijui hayo. Humchukua babu ikamfanya ukoo, humchukua baba ikamfanya jina la kati, ambalo Wamarekani wengi hulifupisha kwa herufi moja na nukta. Kwa hiyo katika karatasi za San Diego, mzee aliyemlea mwanamke huyu na kumpeleka chuoni amekuwa herufi moja na nukta.

Hayo yangeweza kuvumilika, kama si jambo la pili. Jina analoandika mwombaji sharti lilingane na kitambulisho chake cha serikali, chenye picha, atakachoonyesha mlangoni siku ya mtihani. Vyeti vya masomo navyo vyafaa vilingane. Na majina ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu hayajapata kukubaliana juu ya herufi zake. Omari wa shuleni ni Omar wa pasi ya kusafiria. Fatuma wa nyumbani ni Fatma wa hospitali. Na Muhammad huandikwa kwa namna nyingi hata hesabu yake huchosha. Mwanamke huyu alikuwa na babu wawili: mmoja mwenye herufi ya mwisho katika cheti cha masomo, na mmoja asiyekuwa nayo katika kitambulisho. Alipokuwa Mombasa walikuwa mzee mmoja. Ofisini wakawa watu wawili, na mjukuu wao wakawa wawili pia: mmoja aliyesoma na hawezi kuingia mtihanini, na mmoja awezaye kuingia na hakusoma.

Ilimbidi aandikie shule, aeleze, aambatanishe nakala, angoje, aandike tena. Wiki zikapita. Rafiki zake walimwambia ya kuwa huo ni upuuzi wa makarani, na hasira yao yaeleweka. Lakini yafaa jambo hili lipimwe kwa utulivu, kwa sababu huenda upuuzi huo ndio kiini cha shughuli yote.

Serikali inataka nini kwa mwombaji? Inataka awe na umri wa miaka 18. Inataka namba ya Hifadhi ya Jamii, au badala yake namba ya mlipa kodi, kwa sheria ya mwaka 2014 iliyowafungulia mlango watu ambao zamani walizuiwa kwa hali yao ya uhamiaji. Inataka alama za vidole, ambazo hupelekwa kwa Idara ya Sheria ya jimbo na kwa FBI, ili ijulikane kama ana hukumu ya jinai nyuma yake. Inataka atie sahihi ya kuwa yote aliyosema ni kweli, na ya kuwa akisema uongo atashitakiwa kama aliyeapa uongo mahakamani. Hakuna hata moja katika hayo linalopima ujuzi wa nyumba. Yote hupima kitu kimoja: kama kesho mtu akidhulumiwa, itajulikana nani wa kumwita.

Alama za vidole zilikuwa na kisa chao. Mashine ilivisoma vidole vyake, ikavikataa; ikavisoma tena, ikavikataa. Miaka 20 ya sabuni na dawa za kusafishia ilikuwa imevilaza mistari ya ngozi. Hutokea kwa waashi, kwa wafuaji, kwa wauguzi. Mtumishi wa mashine, kijana mwenye adabu, alimpaka mafuta, akamwomba radhi, akajaribu mpaka vikakubali. Ni jambo la kufikirisha kidogo: mikono iliyotumika kwa uaminifu kuliko mingine ndiyo iliyokuwa vigumu kuonyesha kuwa ni ya mtu fulani.

Sasa ni haki kuuliza kama rehani hii ya jina imewahi kuleta faida. Historia haijibu kwa sauti moja. Chama kikubwa cha madalali wa Marekani kilianzishwa Chicago mwaka 1908, na mwaka 1924 kilitia katika kanuni zake za maadili kifungu kilichomkataza dalali kuingiza katika mtaa watu wa kabila au taifa ambao kuwapo kwao kungedhaniwa kupunguza thamani ya nyumba. Msomaji na asome vizuri: jambo hilo liliandikwa chini ya kichwa cha maadili. Dalali aliyemwonyesha Mtu Mweusi nyumba katika mtaa wa Wazungu alikuwa ndiye mwenye hatia. Maneno hayo yalibadilishwa mwaka 1950, lakini mwendo haukubadilika kwa kubadilishwa maneno. Madalali Weusi, waliofungiwa nje, waliunda chama chao wenyewe huko Tampa mwaka 1947.

California yenyewe ilipiga marufuku ubaguzi katika sehemu kubwa ya nyumba kwa sheria ya mwaka 1963. Mwaka uliofuata chama cha madalali wa jimbo kiliongoza kampeni ya kuiondoa kwa kura ya wananchi, nacho kikashinda kwa kura nyingi. Ilibidi Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1966, na ile ya Marekani mwaka 1967, kuibatilisha kura hiyo. Sheria ya nchi nzima juu ya haki katika nyumba ilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Katika muda huo wote, tangu 1919, madalali wa California walikuwa na leseni. Walikuwa wametahiniwa, wameandikwa, wamehesabiwa kuwa waaminifu. Uaminifu wao ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa rangi ya mnunuzi.

Mwanamke wa Mombasa aliyasoma hayo katika kitabu cha somo, kwa sababu leo yamo katika mtihani. Mwombaji huulizwa juu ya dalali anayemwelekeza mnunuzi kwenye mtaa wa watu wa rangi yake, na juu ya yule anayewatia hofu wenye nyumba kwamba wageni wanakuja ili wauze kwa hasara. Aliyasoma usiku wa manane na akafunga kitabu. Aliona kwamba anaomba kuingia katika chumba ambacho zamani wenyewe walikuwa wakikiweka kufuli kwa ajili ya mtu kama yeye, na kwamba sasa anatakiwa ajue, ili afaulu, kufuli hiyo ilikuwa na umbo gani.

Wala si mambo ya zamani tu. Mwaka 2019 gazeti la Newsday la New York lilichapisha uchunguzi wa miaka 3 katika Long Island, ambamo watu wa rangi mbalimbali wenye uwezo uliolingana walipelekwa kwa madalali 93. Palionekana dalili za kutendewa tofauti katika asilimia 19 ya majaribio ya watu wenye asili ya Asia, asilimia 39 ya wenye asili ya Kihispania, na asilimia 49 ya Weusi. Hao walikuwa madalali wenye leseni. Chama kikuu cha madalali kiliomba radhi mwaka 2020 kwa yale kilichofanya katika karne iliyopita. New York ikaongeza masomo kutoka saa 75 hadi 77 mwishoni mwa 2022, na California ikaongeza fundisho juu ya upendeleo usiotambuliwa na mwenyewe kuanzia 2024. Mtu mwenye shaka atauliza saa 2 zitaondoa nini ambacho saa 75 hazikuondoa, na ni vigumu kumjibu.

Milton Friedman, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alizitilia shaka leseni za kazi zote katika kitabu chake Capitalism and Freedom cha mwaka 1962, hata zile za madaktari. Aliona kwamba aghalabu huangukia mikononi mwa wenye kazi wenyewe, wakazitumia kuwazuia wengine. Lakini alitenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kuandikisha, kutoa cheti, na kutoa leseni. Kuandikisha ni kutaka jina la anayefanya kazi. Kutoa cheti ni kushuhudia ujuzi wake. Kutoa leseni ni kumkataza asiyekuwa nayo asifanye kazi kabisa. Yeye aliona la tatu ndilo baya, na la kwanza ndilo jepesi kutetewa.

Katika habari hii ya madalali, mgawanyo huo wafaa kuliko hitimisho lake. Mtihani hauwezi kuupima moyo. Madalali wa Long Island walifaulu mtihani. Lakini madalali wale walipatikana. Walikuwa na majina na namba, wakajulikana ni akina nani, na Seneti ya jimbo ikafanya vikao vya kuwahoji. Mtu asiyeandikwa mahali hahojiwi. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, nao walifikiri juu ya duka. Ila ni hivyo pia kwa dhuluma, ambayo bila daftari hutendeka bila habari. Ikiwa leseni ina sehemu moja inayostahili taabu yake, sehemu hiyo ni ile fomu ya mwanzo inayoudhi, inayotaka jina liwe moja tu, herufi kwa herufi, kila mahali. Mtu mwenye majina mawili aweza kuweka moja rehani na kutoroka na la pili.

Inayobaki ni lawama ya haki, ya kuwa fomu ilitungwa na watu waliodhani majina yote duniani yanafanana na yao. Jimbo laweza kutaka jina moja bila ya kulazimisha babu awe ukoo. Nafasi moja ndefu ya kuandika jina zima ingetosha, wala isingedhoofisha rehani hata kidogo.

Mtihani wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Una maswali 150 ya kuchagua jibu, kwa saa 3, na anayepata asilimia 70, yaani majibu 105, amefaulu. Hesabu inayoogopwa na wengi ni sehemu ndogo. Kwa mgawanyo uliotumika miaka mingi, asilimia 25 ya maswali ilihusu utendaji wa kazi na wajibu wa kufichua kasoro za nyumba, na asilimia 17 sheria za uwakala. Anayeshindwa huambiwa alama zake. Anayefaulu haambiwi, huambiwa tu ya kuwa amefaulu. Mwanamke huyu alishindwa mara ya kwanza kwa majibu machache, akalipa ada tena, kwa kuwa maombi hudumu miaka 2, na mara ya pili hakuambiwa alama.

Leseni yake haimruhusu kusimama peke yake. Dalali mdogo hufanya kazi chini ya dalali mkuu, ambaye alisoma masomo zaidi na kujibu asilimia 75 ya maswali 200, na ujira wote hupitia mikononi mwa mkubwa huyo. Ni mwanagenzi mwenye wajukuu. Lakini jina lake limo katika daftari la Idara ya Mali Isiyohamishika ya California, pamoja na namba ya leseni, tarehe ya kuisha, jina la dalali mkuu wake, na nafasi ya kuandika adhabu kama itakuwapo. Daftari hilo liko wazi katika intaneti kwa mtu yeyote, mahali popote.

Ndugu yake alilitafuta jina hilo akiwa katika kiti chake cha mkahawa, akalipata, akampigia simu.

"Dada, nimekuona. Lakini babu wamemkata herufi."

"Nimewaachia hiyo. Pasi ndiyo iliyoshinda."

"Na hapa chini pameandikwa hakuna adhabu. Wakikuadhibu wataandika papa hapa?"

"Papa hapa, na wewe utasoma."

Akanyamaza kidogo, kisha akamwuliza ile bodi ya Nairobi ada yake ni kiasi gani. Dada akamjibu ya kuwa hajui, bali akienda aende na cheti cha kuzaliwa, na kwanza atazame jina la babu limeandikwaje.